Kuoanisha Wiski na Bia Kwenye Meli ya Kitalii: Yale Niliyojifunza Kazini

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya baa katika meli za kitalii zinazoondoka Southampton, kusini mwa Uingereza, na kuvizunguka visiwa vya Uingereza na Ireland: Dublin, Belfast, Greenock, Kirkwall, Invergordon, kisha South Queensferry karibu na daraja la reli la Forth, ambako wageni hushuka kwenda Edinburgh. Katika safari hizo nilikabidhiwa jukumu ambalo halikuwamo katika mkataba wangu wa kwanza, nalo ni kuendesha kikao cha kuonja wiski na bia kwa pamoja, siku ambayo meli inakwenda kutwa kucha bila kutia nanga. Naandika haya kwa ajili ya vijana wa kwetu, wa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Zanzibar, wanaoajiriwa katika meli za namna hii na ambao siku moja wataambiwa na mkuu wao wa baa kwamba kesho saa tisa alasiri wasimame mbele ya wageni na kuwaeleza kilichomo ndani ya glasi. Nilichokiona mimi ni kwamba kikao hiki hufaulu au huharibika kabla mgeni wa kwanza hajaketi, kwa sababu mambo mawili yanayokibeba, yaani kiasi cha kumimina na mpangilio wa vinywaji, yote huamuliwa mapema jikoni na nyuma ya kaunta.

Wageni wengi hufika wakiwa wameviweka vinywaji hivi mbalimbali kabisa: bia ni ya kiu na ya mpira, wiski ni ya usiku na ya watu wazima. Kwa hiyo nilianza kila mara na udugu wao. Shayiri hulowekwa, ikachipua, ikakaushwa, na hapo ikawa kimea. Kimea husagwa na kuchanganywa na maji ya moto ili kutoa sukari yake, kisha hutiwa hamira na kuachwa kichache. Baada ya siku chache kinachopatikana katika kiwanda cha wiski ni kioevu chenye alkoholi ya asilimia 7 hadi 9 hivi, ambacho kwa kweli ni bia isiyotiwa maua ya hopsi. Mtengenezaji wa bia husimama karibu na hapo. Mwenzake wa wiski huendelea, akakikeneka kioevu hicho, yaani akakichemsha na kuupoza mvuke wake, katika mitungi mikubwa ya shaba, kwa kawaida mara mbili huko Scotland na mara nyingi mara tatu huko Ireland, kisha akakitia katika mapipa na kusubiri. Sheria ya Uingereza haimruhusu kukiita wiski ya Scotland mpaka kikae angalau miaka 3 huko Scotland ndani ya pipa la mti wa mwaloni lisilozidi lita 700, wala hawezi kukiuza kikiwa chini ya asilimia 40.

Maelezo hayo wageni waliyasikiliza kwa adabu, lakini nilipowaambia kuhusu busaa niliona migongo ikinyooka vitini. Niliwaeleza kwamba magharibi mwa Kenya akina mama huchachua unga wa mahindi, wakaukaanga kwenye bati juu ya moto, wakauchanganya na maji na kimea cha wimbi, na kwamba pombe iliyochacha ikipitishwa motoni na mvuke wake ukapozwa hutoka chang'aa, ambayo ilikuwa haramu nchini Kenya hadi sheria mpya ya vileo ya mwaka 2010 ilipoiruhusu kwa masharti. Mzee anayekeneka wiski katika kisiwa cha Islay huko Scotland na mama anayepika busaa Kakamega wanafuata njia ileile ya nafaka, kimea na hamira. Tangu hapo wageni waliacha kunitazama kama mtu aliyekariri kitabu cha watu wengine, na mimi nilipata nguvu ya kusema kwa sauti yangu mwenyewe. Kijana wa kwetu anayeogopa kwamba hana la kuwaambia Wazungu kuhusu wiski nataka aelewe jambo hili: utaalamu wa nafaka iliyochachuliwa sisi pia tunao nyumbani.

Wala kunywa viwili hivi pamoja si ubunifu wa makampuni ya meli. Katika baa za Glasgow huko Scotland watu wamezoea tangu zamani kuagiza wiski kidogo na nusu painti ya bia, yaani mililita 284 hivi, kando yake. Waholanzi hufanya hivyo kwa jeneva, kileo chao kikali cha nafaka, wakiinama juu ya glasi iliyojaa hadi ukingoni na kunywa funda la kwanza bila kuishika, na wafanyakazi wa Marekani wana desturi yao ya toti ya wiski na bia baada ya zamu. Kikao chetu kilichukua desturi hiyo ya watu wa kawaida na kuiongezea subira.

Sasa nije kwenye kiasi, ambalo ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Uingereza hupima kileo kwa vipimo ambavyo kila kimoja ni mililita 10 za alkoholi tupu, na tangu mwaka 2016 madaktari wakuu wa serikali wanashauri mtu mzima asizidishe vipimo 14 kwa wiki. Chukua jozi nne za wiski na bia. Ukimimina kama baa za Uingereza zinavyofanya, toti ya mililita 25 ya wiski ya asilimia 40 pamoja na nusu painti ya bia ya asilimia 5, mgeni atakuwa amekunywa karibu mililita 97 za alkoholi tupu katika muda wa saa moja na nusu, ambazo ni vipimo tisa na zaidi. Huyo hatakumbuka jozi ya tatu ilikuwa nini. Mimi nilimimina mililita 15 za wiski na mililita 100 za bia kwa kila jozi, na hesabu ikashuka hadi mililita 44 hivi kwa kikao kizima, yaani chini ya nusu. Mililita 15 huonekana chache zikiwa chini ya glasi, na wapo wageni waliozitazama kwa mashaka, lakini zinatosha kunusa mara nyingi na kuonja mara tatu, na hakuna mtu anayehitaji zaidi ya hapo ili kujua kinywaji.

Kiasi hicho nilikitetea pia kwa sababu ya bahari. Abiria wa meli anapaswa kuweza kupanda ngazi hadi kituo chake cha kukusanyikia wakati wowote honi itakapolia mara saba kwa kifupi na mara moja kwa kirefu, na sitaha yenyewe haitulii. Sisi wafanyakazi tumefungwa zaidi: mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, kama ulivyorekebishwa Manila mwaka 2010, unaweka ukomo wa asilimia 0.05 ya alkoholi katika damu kwa mabaharia wenye majukumu ya usalama, na mhudumu wa baa naye huwa na jukumu lake dharura ikitokea. Kwa hiyo katika kikao sikumeza hata funda moja. Nilinusa, nikazungusha glasi, nikaeleza. Wageni walipouliza kwa nini sinywi nao niliwajibu waziwazi kwamba niko kazini na kwamba usalama wao ni sehemu ya kazi hiyo, na sikuona hata mmoja aliyelichukua jibu hilo vibaya.

Mahali pa kikao hupuuzwa sana. Mwanzoni kilipangwa kufanyika katika baa iliyo karibu na bwawa la kuogelea la ndani, kwa kuwa ina viti vingi na mandhari nzuri, lakini klorini ya bwawa huziba pua, na palipo na klorini hakuna atakayesikia harufu ya wiski isipokuwa ile yenye moshi mkali. Niliomba chumba kidogo cha mapumziko upande wa tezi, nikaomba mashine ya kahawa izimwe saa moja kabla, na katika mwaliko uliopelekwa kabini tukawasihi wageni wasijipake manukato siku hiyo. Wiski nilizimimina dakika 20 kabla na kufunika kila glasi kwa kifuniko kidogo cha karatasi ngumu, ili wageni wanapofunua wote kwa pamoja harufu iliyokusanyika iwakute puani. Bia nilizimimina mwishoni kabisa, kwa sababu bia isiyo na povu haina cha kuiambia wiski. Bia nyeusi nilizitoa friji nusu saa mapema, kwani baridi kali huficha ladha ya kimea kilichochomwa, na laga peke yake ndiyo iliyobaki kwenye baridi mpaka dakika ya mwisho.

Kuhusu glasi, nilipendelea ile ya Glencairn, iliyobuniwa Scotland na kuingia sokoni mwaka 2001, yenye tumbo pana, mdomo mwembamba na kitako kizito. Mdomo mwembamba hukusanya harufu, na kitako kizito hukaa imara meli inapoyumba. Chini ya kila sinia tulitandaza kitambaa chenye unyevu ili glasi zisiteleze.

Mshauri wangu mkubwa katika kazi hii alikuwa mwenzangu kutoka Unguja, mpishi wa mikate na keki, Mwislamu ambaye hajawahi kuonja kileo na hana nia ya kukionja. Yeye ndiye aliyenitengenezea biskuti za shayiri na kukata jibini na chokoleti nyeusi za kuandamana na vinywaji. Usiku mmoja baada ya kikao alinikuta nikikusanya glasi tupu zilizokauka, akainua moja na kuinusa.

"Kaka, hii mmetia karafuu?"

Nilimwambia hatukutia kitu.

"Basi iko. Mimi karafuu naijua, nimelala juu ya majamvi yake."

Alikuwa sahihi kabisa. Mti wa mwaloni una yujeno, kemikali ileile inayoipa karafuu harufu yake, na wiski huivuta kutoka kwenye mbao za pipa pamoja na vanila na harufu nyingine za mti. Alkoholi ikishapeperuka na glasi ikakauka, harufu za pipa ndizo zinazobaki. Tangu siku hiyo niliweka mezani glasi moja iliyokauka tangu jana yake, nikawapitishia wageni kabla ya kuwapa chochote cha kunywa, na kando yake nikaweka sahani ndogo ya karafuu za Unguja. Hakuna maelezo yangu yaliyowahi kufanya kazi vizuri kama glasi ile tupu, na mgeni asiyekunywa kileo kabisa, ambaye mara nyingi huja kwa ajili ya mume au mkewe, alipata naye sehemu yake kamili katika kikao.

Jozi nilizichagua kwa kufuata njia ya meli, ili mgeni aonje mahali alipokanyaga juzi au atakapokanyaga kesho, lakini mpangilio wa mezani haukufuata ramani. Ulianza na wiski nyepesi ukaishia kwenye ile ya moshi, kwani moshi ukitangulia hufuta kila kinachofuata.

Ya kwanza ilikuwa Glenmorangie, inayotengenezwa Tain, si mbali na bandari ya Invergordon, tangu mwaka 1843. Mitungi yake ya kukeneka ina shingo zenye urefu wa mita 5.14, na kiwanda chenyewe hupenda kuzilinganisha na kimo cha twiga mkubwa. Mvuke unaofaulu kupanda urefu huo ni ule mwepesi tu, mzito hurudi chini, na ndiyo maana wiski hii huwa laini. Hukaa katika mapipa yaliyotumika kwanza Marekani kwa wiski ya bourbon, kwa sababu sheria ya huko inataka bourbon ihifadhiwe katika mapipa mapya ya mwaloni yaliyochomwa ndani, na pipa likishatumika mara moja mwenyewe huliuza. Niliioanisha na laga ya baridi isiyo chungu. Gesi ya bia husafisha ulimi, utamu wa kimea hukutana na vanila ya pipa, na mgeni aliyekuja akiiogopa wiski hupata ujasiri wa kuendelea.

Ya pili ilikuwa wiski ya Ireland inayokenekwa kwa mtungi kutokana na mchanganyiko wa shayiri iliyochipushwa na shayiri ghafi. Desturi hiyo inahusishwa na kodi ya kimea ya mwaka 1785: kimea kilipotozwa kodi, wenye viwanda wakapunguza kimea na kuongeza shayiri ghafi. Ladha yake ina viungo na uzito ulimini. Nilitumia Redbreast ya miaka 12, kutoka Midleton katika jimbo la Cork, pamoja na Guinness ya pipa, ambayo wengi walikuwa wameinywa siku chache kabla huko Dublin, mjini ambako Arthur Guinness mwaka 1759 alikodi kiwanda cha St James's Gate kwa mkataba wa miaka 9,000. Sipendezwi sana na jozi hii kama wengine wanavyopendezwa nayo. Ni nzuri, lakini Guinness ile ni nyepesi kuliko rangi yake, ina asilimia 4.2 tu, na povu lake laini la naitrojeni hufunika viungo vya wiski badala ya kuviinua. Niliibakiza kwa kuwa wageni waliipenda na kwa kuwa inafundisha kwamba weusi wa bia si uzito wake.

Jozi ya tatu ndiyo niliyoithamini kupita zote, na ni ya visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Scotland bara. Kiwanda cha Highland Park kiko Kirkwall, na mwaka wake wa kuanzishwa ni 1798. Orkney ni visiwa vya upepo ambako miti ni haba sana, kwa hiyo udongo wa piti, yaani ule udongo mweusi wa mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka ambao hukatwa, hukaushwa na kuchomwa kukaushia kimea, haukutokana na miti. Umetokana na kichaka kifupi chenye maua ya zambarau kiitwacho heather. Moshi wake ni mtamu na una harufu ya maua, tofauti kabisa na moshi wa Islay. Kando yake niliweka Dark Island, bia nyeusi ya kiwanda cha Orkney kilichomo katika jengo la shule ya zamani huko Quoyloo, upande wa pili wa kisiwa hichohicho. Wiski ina matunda makavu kutoka katika mapipa yaliyowahi kutiwa mvinyo wa sheri, na bia ina chokoleti na kitu ambacho wageni wa Ulaya walikiita zabibu kavu lakini mimi na mwenzangu tuliafikiana, yeye kwa pua na mimi kwa ulimi, kwamba ni tende. Hapo ndipo nilipowaomba wageni wafanye jambo moja: waonje bia kwanza, kisha wiski, kisha warudi kwenye bia bila kusema neno. Bia ile ya pili haikuwa bia ya kwanza. Utamu wake uliongezeka na uchungu wake ukarudi nyuma, kwa kuwa wiski imeuzoesha ulimi ukali mkubwa zaidi. Ninaamini kwamba mtu asiyelihisi badiliko hilo bado hajaona sababu ya kuoanisha chochote, na kwamba msimamizi wa kikao hapaswi kuharakisha dakika hizo mbili kwa ajili ya ratiba.

Ya nne ilikuwa Laphroaig, kutoka pwani ya kusini ya Islay, kiwanda cha mwaka 1815. Hapa wageni hugawanyika. Bibi mmoja aliyekuwa muuguzi maisha yake yote alifunua glasi, akainusa na kutangaza kwamba hii ni wodi ya hospitali ya zamani, na meza nzima ikacheka, lakini alikuwa amesema kweli tupu: kemikali za moshi wa piti ni jamii moja na zile zilizotumika katika dawa za kuulia vijidudu za enzi yake. Bia zenye hopsi nyingi sizipendekezi hapa, kwani uchungu wa hopsi na ukali wa moshi hupigana, na alkoholi huonekana kuwaka zaidi kooni. Nilichagua Guinness nzito, ile ya Foreign Extra ambayo Afrika Mashariki tunaijua vizuri, kwa sababu shayiri yake iliyochomwa hukutana na moshi na utamu wake huubeba. Raia wa Uingereza waliokuwa hawajawahi kuinywa walishangaa kusikia kwamba kwetu ndiyo Guinness ya kawaida.

Katika jozi hii nilitoa pia maji, matone machache kwa mrija mdogo. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa kutumia kompyuta kwamba wiski ikipunguzwa makali kwa maji, molekuli za gwayakoli, ambazo ndizo zenye harufu ya moshi, huwa karibu zaidi na uso wa kioevu, pale pua inapozifikia. Niliwaeleza wageni, nikawaachia uamuzi. Wanaotaka barafu nao waliipata bila kuhukumiwa, kwani mtu amelipia likizo yake.

Jambo lililonichukua muda mrefu kulizoea ni kunyamaza. Msimamizi akitangulia kusema kwamba wiski hii ina harufu ya machungwa, watu wote watanusa machungwa, na yule aliyenusa kitu kingine atakaa kimya akidhani pua yake ni mbovu. Kwa hiyo sikutaja ladha yoyote kabla wageni wenyewe hawajasema. Kimya hicho huwa kizito kwa dakika ya kwanza, hasa ukiwa mbele ya watu waliokuzidi umri, lakini akishasema mmoja wengine hufunguka. Mzee mmoja mwenyeji wa kando ya mto Clyde, ule wa Glasgow, alikaa kimya jozi tatu, kisha akaeleza namna babake alivyokuwa akirudi kutoka kiwanda cha kuunda meli siku ya malipo, akasimama baa kwa wiski moja na nusu painti moja, akazinywa kwa zamu polepole, na kwamba hakuwahi kumwona akiagiza ya pili. Meza nzima ilimsikiliza kuliko ilivyonisikiliza mimi, na mpangilio wa funda za bia na wiski niliowafundisha baadaye wageni wengine ni ule wa baba yake.

Bahari ikichafuka niliahirisha. Mlango wa bahari wa Pentland, kati ya Orkney na Scotland bara, una mikondo mikali sana, na mtu mwenye kichefuchefu hapaswi kupewa wiski ya moshi kwa sababu tu imo kwenye ratiba. Vilevile nilijifunza kumkatalia aliyefika akiwa amekunywa tangu mchana: unamkaribisha aketi, unamletea biskuti na maji na stauti, yaani bia nyeusi, isiyo na alkoholi, unazungumza naye kwa heshima ileile ya wenzake, na unamwahidi nafasi katika kikao kijacho. Ukimkatalia mbele ya watu kwa sauti umemwaibisha, na aibu ikichanganyika na kileo huzaa ugomvi.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nami niliyaona hayo yakitaka kutokea. Vikao vilipoanza kujaa na wageni wakaviandikia sifa, uongozi ulitaka vihamie ukumbi mkubwa, watu mara tatu ya wale wa awali, kwa kipaza sauti na picha ukutani. Nilieleza kwamba watu wengi hivyo hawawezi kumiminiwa bia yenye povu kwa wakati mmoja, na kwamba katika ukumbi ule hakuna atakayethubutu kusema kwamba wiski inanuka hospitali. Tulikubaliana kuongeza vikao badala ya kuongeza viti. Kazi yangu ikawa nyingi zaidi, lakini kila mgeni aliendelea kupata glasi iliyomiminwa kwa ajili yake.

Siku hizi niko pwani ya kusini ya Kenya, nafanya vikao kama hivi katika hoteli huko Diani, na mambo kadhaa yamebidi yabadilike. Joto hapa huiharibu bia kwa haraka, kwa hiyo namimina mililita 50 mara mbili badala ya 100 kwa mkupuo. Jozi ya kwanza sasa ni Tusker na bourbon: bourbon kwa sheria lazima itokane na nafaka ambazo angalau asilimia 51 ni mahindi, utamu wake uko wazi, na Tusker ina wepesi unaohitajika kuupisha. Chokoleti inayeyuka mezani kabla ya jozi ya nne, na kwa Laphroaig nimeibadilisha na kashata ya nazi iliyokaangwa hadi ikakaribia kuungua. Nazi ina mafuta yanayotuliza ukali wa moshi, sukari iliyoungua inaelewana na shayiri iliyochomwa ya Guinness, na kwa maoni yangu jozi hii inaishinda ile niliyokuwa nikiitoa baharini.